Pedi za breki kwa gari moja: barabarani na saketini

Mara ya kwanza kupoteza breki saketini, yaani kwenye njia ya mashindano ya magari, nilikuwa nimetoka kufunga pedi mpya za bei kubwa. Ilikuwa mzunguko wa sita, mwisho wa sehemu ndefu iliyonyooka. Nikakanyaga pedali, ikashuka laini kama sifongo mpaka karibu na sakafu. Nikapampu mara tatu, nikapata breki kidogo, nikaishia kwenye kokoto pembeni ya kona nikiwa mzima. Nilipoligusa gurudumu baadaye, joto lilikuwa bado linanipiga usoni.

Pedi hazikuwa na kosa lolote. Kilichochemka ni mafuta ya breki, ambayo yalikuwa na miaka mitatu bila kubadilishwa. Nilinunua pedi kwa kusoma sifa zilizoandikwa kwenye boksi, wala sikujua diski zangu, zile sahani za chuma zinazobanwa na pedi, zinafika joto gani. Tangu siku ile naanza na joto, na ndivyo nitakavyokuelekeza hapa. Jina la pedi na maneno ya muuzaji yatafuata baadaye.

Hatua ya 1: Jua kazi unayoipa breki

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo linapanda kwa mraba wa kasi. Chukua gari la kilo 1,400. Likisimama kutoka kilomita 60 kwa saa, breki zimemeza takriban kilojuli 195. Gari hilohilo likipunguza kutoka 180 hadi 80 kabla ya kona, breki zimemeza takriban kilojuli 1,400. Hiyo ni zaidi ya mara saba, na gari bado linakwenda. Tena barabarani unaweza kukaa dakika nzima bila kugusa breki, ilhali saketini kona nyingine inakusubiri baada ya sekunde chache. Diski haipati nafasi ya kupoa, joto linarundikana mzunguko baada ya mzunguko.

Ndiyo maana pedi hutengenezwa kwa ajili ya viwango tofauti vya joto. Pedi ya kawaida ya barabarani inashika vizuri tangu ikiwa baridi kabisa hadi kwenye nyuzi 350 au 400 za selsiasi hivi. Ikizidishiwa hapo, gundi inayoshikilia mchanganyiko wake huanza kuungua, gesi inajipenyeza kati ya pedi na diski, na msuguano unaporomoka. Pedi ya mashindano inavumilia nyuzi 700 hata 800, ila ikiwa baridi inashika kwa shida. Katikati zipo pedi za watu kama sisi, wanaokwenda kazini na gari wiki nzima kisha wanaliingiza saketini wikendi. Hizi huanza kushika mapema na huvumilia hadi nyuzi 550 au 650.

Hilo la pedi ya mashindano kushika kwa shida ikiwa baridi, watu wengi hawaliamini mpaka liwakute. Gari limelala nje usiku kucha. Unatoka nyumbani, kona ya kwanza tu pikipiki inakatiza mbele yako. Unakanyaga, pedali ni ngumu, mguu umeusimika kwa nguvu zako zote, na gari linaendelea kwenda kana kwamba hujafanya kitu. Pedi inasubiri joto ambalo barabarani hutalipata. Kwa hiyo usidanganywe kwamba pedi ya mashindano ni ile ya barabarani iliyoboreshwa. Barabarani ni pedi mbaya, na inaweza kuua mtu ambaye hakuwa na habari na hobi yako.

Nchi zinazofuata kanuni ya ECE R90 zinataka pedi mbadala ipimwe na utendaji wake usipishane na ule wa pedi ya asili kwa zaidi ya asilimia 15. Iliyofaulu hupigwa alama mgongoni mwa bamba lake la chuma: herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi, kisha 90R. Pedi za mashindano kwa kawaida hazina alama hiyo. Itafute kabla ya kulipia pedi utakayoendeshea barabarani.

Hatua ya 2: Pima joto la diski zako

Usikisie. Kuna rangi maalumu za kupima joto zinazopakwa kwenye ukingo wa nje wa diski, mahali ambapo pedi haigusi. Seti inayotumika sana ina rangi tatu: kijani hugeuka nyeupe ikifika nyuzi 430, chungwa hugeuka njano kwenye 560, na nyekundu hugeuka nyeupe kwenye 610. Safisha ukingo kwa dawa ya kusafishia breki, upake vimstari vitatu vyembamba, viache vikauke, kisha endesha kama unavyoendesha siku zote. Paka mbele na nyuma, maana diski za nyuma mara nyingi zina joto dogo mno kuliko unavyodhani.

Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza, nilitoa gurudumu nikachuchumaa na tochi. Mstari wa kijani ulikuwa umegeuka mweupe kama chaki, unapukutika ukiukwaruza kwa kucha. Wa chungwa haukubadilika hata kidogo. Maana yake diski zangu zilivuka 430 ila hazikufika 560. Nilikuwa karibu kununua pedi za nyuzi 800, na huo ungekuwa utupaji wa pesa: ningekuwa na pedi isiyoshika vizuri asubuhi, kwa ajili ya joto ambalo gari langu halikuwahi kulifikia.

Bunduki ya infraredi inasaidia kulinganisha gurudumu la kushoto na la kulia, lakini usiitegemee kwa kiwango cha juu kabisa. Uso wa diski unaong'aa huipotosha, na mpaka utoke saketini, usimame na kuishika bunduki mkononi, diski imeshapoa mamia ya nyuzi.

Ukikosa rangi, tazama dalili. Mpira wa vumbi wa pistoni (inayosukuma pedi) uliokauka na kupasuka. Kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, iliyopakwa rangi nyekundu na sasa ni kahawia. Kingo za pedi zilizopauka na kumong'onyoka. Yote hayo yanakwambia joto limezidi uwezo wa kilichofungwa.

Hatua ya 3: Sikiliza pedali kabla ya kununua chochote

Mguu unaweza kukwambia tatizo liko wapi, ukijua kuusikiliza.

Pedali ikiwa ngumu, iko juu mahali pake, lakini gari halipungui mwendo, pedi zimezidiwa na joto. Hapo pedi nyingine itasaidia.

Pedali ikiwa laini na ikishuka chini, mafuta yamechemka na mvuke umeingia kwenye paipu. Mvuke unabinyika, mafuta hayabinyiki. Hapa pedi bora zaidi inaweza hata kuzidisha tatizo, maana inakuruhusu kukanyaga kwa nguvu zaidi na kuzalisha joto zaidi.

Pedali ikishuka kanyago la kwanza tu baada ya kupita kwenye tuta la ukingo wa kona, kisha la pili likawa sawa, basi pistoni zimesukumwa nyuma na diski inayocheza. Kagua beringi ya gurudumu.

Na ukisikia mtetemo kwenye usukani unapofunga breki, fundi wengi watakwambia diski imepinda. Mara nyingi haijapinda. Ni mchanganyiko wa pedi ulioganda kwenye diski bila usawa, sehemu moja nene na nyingine nyembamba. Tutalirudia hili kwenye kuzoesha pedi.

Hatua ya 4: Badilisha mafuta ya breki kwanza

Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu lilinikuta. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na kila tone la maji hushusha kiwango chake cha kuchemka. Viwango vya chini vinavyotakiwa kwa kila daraja la mafuta (DOT) ni hivi: DOT 3 ichemke si chini ya nyuzi 205 ikiwa mpya na 140 ikiwa imeshanyonya maji, DOT 4 ni 230 na 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. Angalia jinsi yanavyoporomoka. DOT 3 iliyozeeka inachemka kwenye nyuzi 140, na diski yako iko kwenye 450 umbali wa vidole vichache tu.

Kwa saketi tumia mafuta ya mashindano ya aina ya DOT 4 ambayo yakiwa mapya huchemka juu ya nyuzi 300. Yana kasoro moja: mengi hunyonya unyevu haraka, kwa hiyo yabadilishe angalau mara moja kwa mwaka, na toa hewa kwenye breki kabla ya kila siku ya saketi. Usichanganye DOT 5 na hizi nyingine. Namba imefanana na 5.1, lakini DOT 5 ni silikoni, na haichangamani nazo kabisa.

Chupa iliyofunguliwa mwaka jana na kubaki stoo usiitumie. Nunua ndogo, fungua mpya.

Hatua ya 5: Sasa chagua mchanganyiko

Pedi za oganiki ni tulivu, hazina vumbi jingi, zinaishika diski kwa upole. Zinafaa mjini, saketini hapana. Pedi za seramiki zinazouzwa kwa magari ya kawaida nazo ni za starehe: kimya, vumbi jepesi lisiloshika rimu, maisha marefu. Neno seramiki linawafanya watu wafikiri ni za mashindano. Sivyo, na wala si pedi za diski za kaboni seramiki, ambazo zinahitaji pedi zake maalumu.

Pedi zenye nyuzi na unga wa chuma ndizo uwanja wa mtu mwenye gari moja. Chuma hupeleka joto vizuri na huvumilia. Gharama yake ni kelele, vumbi, na diski zinazolika haraka zaidi. Ukizipenda breki hizi itabidi uvumilie mlio wa asubuhi.

Kwenye ukingo wa pedi nyingi utakuta herufi mbili, kwa mfano FF au GG. Ya kwanza inaonyesha msuguano kwenye joto la kawaida, ya pili kwenye joto la juu. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55, na H ni zaidi ya hapo. Zisome, zinasaidia kukataa pedi dhaifu. Lakini kipimo chenyewe hakivuki nyuzi 350 hivi, kwa hiyo herufi ya pili haikwambii lolote kuhusu nyuzi 500. Kwa hilo tafuta mchoro wa mtengenezaji unaoonyesha msuguano dhidi ya joto. Mtengenezaji asiyeutoa mchoro huo, mimi simnunulii pedi ya saketi.

Ukiupata mchoro, usivutwe na kilele chake. Tazama kama mstari umelala. Mimi nachagua pedi ya 0.42 isiyobadilika kuanzia nyuzi 100 hadi 600, naiacha ile inayopanda mpaka 0.55 kisha inashuka. Mstari uliolala una maana kwamba mguu uleule unaleta breki ileile kwenye mzunguko wa kwanza na wa kumi, na hapo ndipo unapoweza kujifunza kona. Zaidi ya hayo, kama una tairi za barabarani, msuguano mkubwa sana utaamsha ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga) mapema tu. Anayesimamisha gari mwishoni ni tairi.

Halafu lipe joto ulilopima akiba. Kama rangi zako zimeonyesha kati ya 430 na 560, chukua pedi inayovumilia 650. Gari likiwa zito, au siku ikiwa ya joto kali, au ukianza kuendesha kwa kasi zaidi baada ya uzoefu, akiba hiyo utaihitaji.

Hatua ya 6: Mbele na nyuma kwa pamoja

Gari likifunga breki uzito unaegemea mbele, kwa hiyo breki za mbele zinafanya kazi kubwa zaidi. Ukibadilisha za mbele peke yake kwa pedi kali, mgawanyo unasogea mbele: magurudumu ya mbele yatafunga mapema, za nyuma zitakuwa zinasindikiza tu. Gari litasimama kwa umbali mrefu kidogo kuliko ambavyo lingeweza, ila litabaki limenyooka.

Kosa la hatari ni kinyume chake. Usifunge kamwe nyuma pedi yenye msuguano mkubwa kuliko ya mbele. Magurudumu ya nyuma yakifunga kwanza, mkia unakupita kabla hujatambua kilichotokea. Njia salama ni mchanganyiko uleule pande zote mbili, au wa nyuma upunguzwe daraja moja kwa sababu diski za nyuma zina joto dogo.

Hatua ya 7: Seti moja au mbili?

Ukienda saketini mara mbili tatu kwa mwaka na rangi hazijavuka 560, seti moja ya pedi za katikati inatosha. Ukienda kila mwezi, au rangi nyekundu imegeuka, funga safari na seti mbili: moja ya barabarani, nyingine ya saketi, na ubadilishe ukifika. Kwa kalipa nyingi ni kazi ya dakika 40 kwa mtu aliyezoea.

Ila pedi mbili tofauti hazipendi kushiriki diski moja. Kila mchanganyiko huacha utando wake juu ya diski, na utando mgeni huleta mtetemo na breki za kusuasua. Mimi naweka diski za pili pamoja na pedi za saketi, zimefungwa kwenye boksi lao. Kama hilo ni ghali kwako, chagua seti mbili kutoka kwa mtengenezaji mmoja anayesema wazi kwamba michanganyiko yake inapatana.

Hatua ya 8: Funga vizuri, kisha zizoeshe

Safisha pini za kalipa na uzipake grisi inayovumilia joto. Vumbi lifute kwa kitambaa chenye dawa, usilipulize kwa upepo wa kompresa ukalivuta. Unaporudisha pistoni nyuma, angalia chombo cha mafuta kisifurike, maana mafuta ya breki yanakula rangi ya bodi. Ukimaliza, kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyaga pedali mpaka iwe ngumu. Mtu akisahau hili anaondoka gereji bila breki kabisa.

Kuzoesha ni kuupaka utando wa pedi juu ya diski kwa usawa. Kama mtengenezaji ametoa utaratibu wake, fuata huo. Kama hajatoa, tafuta mahali wazi pasipo na watu wala magari. Nenda kilomita 100 kwa saa, punguza hadi 20 au 30 kwa nguvu ya wastani bila kuamsha ABS, usisimame, ongeza tena mara moja. Rudia mara nane hadi kumi. Utasikia harufu kali ya gundi inayoungua, pengine na moshi kidogo. Ni kawaida. Baada ya hapo endesha dakika kumi bila kugusa breki ila kwa dharura, kisha uache gari lipoe kabisa. Diski iliyozoeshwa vizuri ina rangi moja ya kijivu chenye ubuluu, bila madoa.

Sababu ya kutosimama ni kwamba pedi ya moto ikibanwa pahali pamoja huacha alama yake kama muhuri, na ndiyo mwanzo wa ule mtetemo wa diski iliyosingiziwa kupinda. Na sababu ya kutoruka hatua hii ni kwamba pedi mbichi ikipata joto kali kwa mara ya kwanza hutoa gesi, breki zinafifia ghafla. Heri hilo litokee kwenye njia tupu kuliko mwisho wa sehemu iliyonyooka ukiwa na 180.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Usianze siku na pedi zilizo chini ya nusu. Pedi mpya nyingi zina milimita 10 hadi 12 za kulika. Barabarani tunabadilisha kwenye 3, ila saketini pedi nyembamba hupitisha joto moja kwa moja hadi kwenye pistoni na mafuta. Soma pia unene wa chini uliopigwa kwenye diski yenyewe, kisha uupime.

Kanyaga kwa nguvu na kwa muda mfupi, kisha achia. Kuburuza breki polepole kuanzia mbali kunaonekana ni huruma kwa gari, kumbe kunaipika pedi kwa muda mrefu zaidi. Mzunguko wa mwisho wa kila zamu uendeshe taratibu bila breki ili upepo upoze diski.

Ukiegesha, usivute breki ya mkono na usiache mguu kwenye pedali. Weka gia na kigingi cha gurudumu. Diski zikishapoa osha rimu siku hiyohiyo: lile vumbi lina chuma, na likikutana na umande litaota kutu juu ya rangi na hutalitoa kwa sabuni. Kabla ya kurudi barabarani toa gurudumu moja moja, pima kila pedi, ya ndani na ya nje, na uandike kwenye daftari. Ya ndani ikiwa imelika milimita mbili zaidi ya mwenzake, kuna pini ya kalipa iliyokwama, na unayo wiki nzima ya kuishughulikia.